Tiba Inayokuja na Kuondoka: Historia ya Banalia

Mwezi Juni mwaka 1887 Henry Morton Stanley alitua Yambuya, penye maporomoko ya mto Aruwimi, akiwa na mamia ya wapagazi ambao wengi wao walitoka Unguja. Alikuwa njiani kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria aliyezingirwa huko juu ya Nile. Msafara wake aliugawa sehemu mbili. Wenye nguvu akaingia nao msituni. Wagonjwa, wadhaifu na mizigo akawaacha Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot, wasubiri wapagazi walioahidiwa na mfanyabiashara Tippu Tip. Daktari wa msafara, Thomas Heazle Parke, alikwenda na kundi la mbele. Waliobaki nyuma walibaki na William Bonny, aliyewahi kuwa msaidizi wa tiba jeshini.

Kilichofuata kilikuwa kifo cha polepole. Watu walikula muhogo mchungu bila kuuloweka inavyotakiwa, wakapigwa mijeledi kwa makosa madogo, wakaugua vidonda na kuhara, wakazikwa mmoja mmoja kandokando ya kambi. Kambi ilipohamia mto juu hadi Banalia, Barttelot aligombana na wanyampara na wanawake waliokuwa wakipiga ngoma alfajiri, akapigwa risasi na kufa tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi Banalia tarehe 17 Agosti, kati ya watu wapatao 270 aliokuwa amewaacha, zaidi ya nusu hawakuwapo tena. Vitabu vingi vya Ulaya vimeandikwa juu ya nani alaumiwe miongoni mwa maofisa. Mimi naona jambo zito kuliko lawama za maofisa ni ule mpango wenyewe: daktari kwenda na wazima, wagonjwa kuachwa wangoje. Mpango huo umejirudia Banalia kwa sura mbalimbali kwa zaidi ya miaka 130.

Banalia ya leo ni makao makuu ya teritwari inayobeba jina hilo, katika jimbo la Tshopo, yapata kilomita 128 kaskazini ya Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4. Barabara inakatwa na Aruwimi, na gari likifika hapo hungoja kivuko. Ng'ambo, njia inaendelea kuelekea Buta, Bas-Uele. Pande zote ni msitu, na ndani ya msitu kuna machimbo ya dhahabu na almasi yanayochimbwa kwa mikono, kuna vijiji vya Wabali na majirani zao, na kuna zahanati ambazo mgonjwa huzifikia kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kwa mgongo wa ndugu yake.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kushughulika na afya ya watu wa Kongo, ilianza na malale. Ugonjwa huo uliua watu wengi mno katika miaka ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa sababu watu walihamishwa, walikimbizwa, walifukuzwa kwenda kutafuta mpira msituni, na mbung'o wakawafuata. Mwaka 1903 wataalamu wa Chuo cha Liverpool walipelekwa kuuchunguza. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alifia Kasongo mwaka 1905. Baadaye zikaja sheria za kuzuia safari bila cheti cha afya, na makambi ya kuwatenga wagonjwa. Watu walikuwa na sababu ya kuyaogopa makambi hayo, maana aliyeingia mara nyingi hakutoka. Tangu hapo ukazuka mazoea ambayo maofisa waliyaita ukaidi: mgonjwa kufichwa nyumbani, gari la daktari likisikika kijiji kinahamia shambani. Hebu tuseme ukweli, huo haukuwa ujinga. Walikuwa wameona wanachofanyiwa waliojitokeza.

Palikuwa na jaribio moja la namna nyingine, na inafaa tulitazame kwa utulivu. Yakusu iko kwenye ukingo wa mto Kongo, kilomita chache chini ya Kisangani, ambayo wakati huo ikiitwa Stanleyville. Mwaka 1920 alifika hapo daktari wa misheni ya Kibaptisti ya Uingereza, Clement Chesterman. Alikuta vijiji vilivyojaa malale. Akapata dawa mpya, tryparsamide, iliyokuwa imejaribiwa Léopoldville, na akatambua mapema kwamba sindano peke yake haitafika mbali ikiwa yeye ndiye anayepaswa kuipeleka. Kwa hiyo akafunza vijana wa Kikongo kuwa wauguzi, akawaweka katika zahanati ndogo zilizotawanywa katika eneo lote. Muuguzi aliishi kijijini, aliwajua watu kwa majina, alirudi nyumba ile ile wiki baada ya wiki, kwa sababu tiba ile ilitaka sindano nyingi kwa mpangilio. Malale yalipungua sana. Baada ya Chesterman akaja Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936 na kufanya kazi kubwa ya ukoma, nao ni ugonjwa usioponywa kwa ziara moja.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwa herufi kubwa. Tryparsamide iliweza kuharibu mshipa wa macho, na baadhi ya waliopona malale walibaki vipofu. Walihesabiwa miongoni mwa waliotibiwa. Nani aliwashika mkono kwenda mtoni, nani aliwalimia? Ndugu zao. Hakuna ofisi iliyoundwa kwa ajili yao, na mtu akitaka kujua ni lini familia za Banalia na jirani zake zilianza kuachiwa mzigo wa yale ambayo dawa haimalizi, anaweza kuanzia hapo.

Ulevi, nao ugonjwa usioponywa kwa ziara moja, haukupewa hata hiyo nusu ya tiba. Ulipewa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao ulihusu hasa biashara ya watumwa, uliweka pia mipaka ya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukakataza kuitengeneza pombe hiyo ndani ya maeneo hayo. Bangi ya kuvuta ilipigwa marufuku Kongo mwaka 1903. Hadi miaka ya 1950 Mwafrika wa kawaida wa Kongo ya Ubelgiji hakuruhusiwa kununua mvinyo wala pombe kali, ilhali bia ya kiwandani aliuziwa, na viwanda vya bia vikanenepa. Waliotaka kali zaidi wakapika wenyewe. Lotoko, inayotengenezwa kwa mahindi na muhogo vilivyochachushwa, kisha ikachemshwa ndani ya pipa na mvuke wake kupozwa katika bomba linalopita majini, ilikuwa haramu wakati wa Wabelgiji na imeendelea kuishi pembezoni mwa sheria baada yao. Askari alipoikuta, aliimwaga au alitaka chake. Muuguzi hakuulizwa kitu. Mnywaji aliyekuwa akitetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza alihesabiwa kuwa mtu wa tabia mbaya, na hesabu hiyo haijafutwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa tiba, watu wenye ujuzi mkubwa, ambao wengi walipelekwa Ufaransa haraka ili wamalizie masomo. Madaktari wa Kibelgiji waliondoka kwa wingi. Mahali kama Banalia palibaki pakitegemea misheni.

Kisha ukaja mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliiteka Stanleyville mwanzoni mwa Agosti. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa mjini na ndege za Marekani, na katika siku zile zile damu ikamwagika Banalia. Daktari Ian Sharpe, aliyekuwa akitibu hapo kwa niaba ya misheni ya Kiprotestanti, aliuawa pamoja na mkewe Audrey na watoto wao, na wamisionari wengine pamoja nao. Muuguzi Margaret Hayes, aliyekuwa akifanya kazi Bopepe karibu na hapo, alidhaniwa amekufa, akabaki mikononi mwa waasi kwa miezi mingi na kutoka hai mwaka 1965. Majina hayo tunayo kwa kuwa makanisa ya Uingereza yaliyaandika. Wabali, Wakongo wa kabila zote, walimu, wauguzi na wakulima waliouawa na waasi, na wale waliouawa na jeshi na mamluki walipokuja kulipiza, ni wengi kuliko hao kwa mbali, na orodha yao haipo. Kwa historia ya tiba tunasema hivi: Banalia ilipoteza daktari wake, na watu wakapoteza imani kwamba hospitali ni mahali salama.

Katika miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilifanya jambo la kusifiwa. Ikifuata roho ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 juu ya afya ya msingi, iligawa nchi nzima katika zoni za afya 306, kila zoni na hospitali yake kuu na vituo vya afya vinavyoizunguka, na mganga mkuu wa zoni akiwa msimamizi. Ramani ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni fedha. Serikali ya Rais Mobutu iliacha kidogokidogo kulipa, na gharama zikahamia kwa mgonjwa: kadi, ushauri, sindano, kitanda, hata glavu. Wauguzi waliishi kwa kugawana kinacholipwa dirishani. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vikafuata, kisha Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani, na barabara za kwenda kaskazini zikarudi kuwa vichochoro vya msituni ambavyo wafanyabiashara walipita wakisukuma baiskeli zilizosheheni mizigo, kwa mamia ya kilomita.

Hapa tufike mwaka 2021, maana ndipo mambo yote hayo yalipokutana.

Katikati ya mwaka huo, watu walianza kufa upande wa Panga, katika teritwari ya Banalia, kwenye eneo la machimbo. Homa kali, kichwa, shingo kukakamaa, kupoteza fahamu, kifo ndani ya siku chache. Wengi walifia nyumbani. Palikuwa na wanaosema ni uchawi, palikuwa na walioombewa, palikuwa na waliopewa dawa ya miti, na palikuwa na waliopewa dawa ya malaria kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Sampuli zilisafiri kutoka msituni hadi Kinshasa, na nyingine hadi Taasisi ya Pasteur, Paris. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Siku ya tangazo, hesabu ilikuwa wagonjwa 261 walioshukiwa na vifo 129. Takriban mmoja kati ya kila wawili waliojulikana alikuwa ameshakufa.

Jambo la kuumiza ni kwamba mkoa huu ulikuwa umechanjwa. Mwaka 2009 homa hiyo hiyo ilishika watu 214 Kisangani na kuua 15. Mwaka 2016 kampeni kubwa ikachanja zaidi ya watu milioni 1.6 wa Tshopo wenye umri wa mwaka 1 hadi 29. Chanjo ile ilikinga dhidi ya kundi A la bakteria, nayo ilifanya kazi yake vizuri. Kilichopiga Banalia mwaka 2021 kilikuwa kundi W. Kampeni ilikuja, ikafunga mlango mmoja, ikaondoka. Hakuna aliyebaki Panga wa kutazama mingine.

Baada ya tangazo, misaada ilimiminika. Shirika la Afya Duniani, Madaktari Wasio na Mipaka na wizara walifika na dawa, chanjo na magari. Sindano ya ceftriaxone ilitolewa bure. Watu walipoona wanaolazwa wanarudi nyumbani wakitembea, hawakujificha tena, walikuja. Kufikia mwanzoni mwa Desemba walioandikishwa kuwa wagonjwa wa kushukiwa walikuwa 2,662, na vifo 205. Linganisha hesabu mbili hizo: kutoka karibu nusu hadi chini ya wanane katika kila mia. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye dalili nyepesi walianza kuhesabiwa. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba tiba ilipokuwa karibu, bure na yenye heshima, watu wa Banalia waliitumia. Wanaodai kwamba wanakijiji wa msituni hawataki hospitali wapelekewe takwimu hizo.

Mlipuko ukaisha. Magari yakavuka kivuko kurudi Kisangani.

Homa ya uti wa mgongo haiishi siku mgonjwa anapotoka kitandani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya kila watano wanaonusurika hubaki na athari ya kudumu: uziwi, kifafa, ulemavu wa viungo, akili kudhoofika. Tarehe 28 Septemba 2021, wakati Banalia ikiendelea kuzika, shirika hilo lilizindua mpango wa kwanza wa dunia wa kuishinda homa hiyo ifikapo 2030, na moja ya nguzo zake ni matunzo kwa waliobaki na athari. Andiko ni jema. Lakini mtoto aliyepoteza uwezo wa kusikia Panga anahitaji mwalimu wa lugha ya alama. Kijana aliyeanza kuanguka kifafa anahitaji kidonge kila siku, miaka mingi, na fenobabito ikikatika kwa wiki mbili tu kwa kuwa kituo kimeishiwa, anaweza kurudi kuanguka kwa nguvu kuliko awali.

Kifafa, kwa kweli, kilikuwa tayari mgeni wa siku nyingi kaskazini mwa Kongo. Kando ya mito inayokwenda kasi ambako usubi huzaliana, katika sehemu za Bas-Uele kama Aketi na Titule, watafiti wamekuta kifafa kwa wingi usio wa kawaida, ukihusishwa na minyoo inayosababisha upofu wa mtoni. Mwenye kifafa huogopwa. Akianguka kwenye moto, wapo wasiomgusa. Anaachishwa shule, haolewi, na baadhi hugeukia pombe, ambayo nayo huchochea kuanguka. Ndipo milango miwili iliyofungwa inapokuwa mmoja: hakuna tiba ya kifafa, na hakuna tiba ya ulevi.

Katika miezi hiyo hiyo ya mwaka 2021, Kinshasa ilikuwa na hofu ya aina nyingine. Vijana walikuwa wakitumia mchanganyiko uitwao bombé, wenye unga wa kusagwa kutoka kwenye bomba la moshi la gari pamoja na vidonge, wakibaki wamesimama barabarani kama waliogandishwa. Rais Félix Tshisekedi aliliongelea serikalini, na polisi wakakamata makumi ya vijana na kuwaonyesha hadharani. Nchi ile ile, majira yale yale: wa Banalia walipelekewa sindano, wa Kinshasa walipelekewa pingu. Wote walikuwa wagonjwa.

Kwa anayetaka kuacha pombe akiwa Banalia, njia ni hii. Kituo cha afya kilicho karibu kinajua malaria, uzazi, kuhara na chanjo. Kuacha ghafla kwa mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, hata kifo. Anahitaji kuangaliwa siku kadhaa, apewe diazepam kwa kipimo kinachopungua na vitamini B1. Dawa hizo si ghali wala ngeni. Anayekosekana ni aliyefunzwa kuzitumia kwa kazi hiyo. Hospitali zinazojulikana kwa kazi ya akili na uraibu ziko mbali: Kituo cha Neuro-Psycho-Pathologie cha Kinshasa, kwenye mlima Amba, ambacho kutoka Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa mto, au Sosame ya Bukavu, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1994. Kwa mchimba dhahabu wa Panga, zote mbili ni nchi nyingine.

Na ustawi wa jamii? Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya. Ibara ya 49 inawalinda wazee na watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu, baada ya kazi ndefu ya vyama vyao wenyewe, na ni sheria nzuri. Maskini asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha ufukara katika idara ya Mambo ya Jamii ili atibiwe bila malipo. Lakini ofisi iko mjini, nauli ni ya mwombaji, picha na nakala ni za mwombaji, na hospitali isiyolipwa na serikali haina pa kupeleka cheti hicho ili irudishiwe gharama. Mtu anatakiwa awe na fedha ili athibitishe kwamba hana. Mlevi, zaidi ya hayo, hapati hata fomu. Hakuna kifungu kinachomtaja kama mtu wa kusaidiwa.

Kwingine katika nchi zetu jambo hili limejaribiwa. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, ikiongozwa na wataalamu wa hapo hapo, na baadaye huduma ikaenea mikoani na Zanzibar. Banalia haina tatizo la heroini, na methadoni haitibu lotoko. Somo la Muhimbili ni la dirisha linalofunguliwa kila siku, ambapo mgonjwa aliyeteleza jana anapokewa leo. Huko nako nauli ya kila siku iliwashinda wengi, mpaka huduma zikasogezwa karibu na makazi yao. Huo ndio ujuzi wa Chesterman wa miaka ya 1920, umegunduliwa upya.

Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina programu ya kuwafundisha wauguzi wa kawaida kutibu kifafa, ulevi, huzuni kali na kuchanganyikiwa kwa akili, bila kungoja daktari bingwa. Mafunzo yake hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji muuguzi anayelipwa mshahara, dawa zisizokatika, na mtu wa kumtembelea mara kwa mara kumsimamia.

Wenye kuandika bajeti ya zoni ya afya ya Banalia, pale Kisangani na Kinshasa, na wafadhili wanaokuja kila mlipuko unapotangazwa, waanze na hilo: muuguzi mmoja aliyefunzwa katika kila kituo, fenobabito na diazepam za mwaka mzima, na afisa wa Mambo ya Jamii anayeandika vyeti vya ufukara kijijini, siku ya soko, bila malipo. Waliopona mwaka 2021 bado wako huko.